Rafiki Yangu Anakunywa Unga

Wiki iliyopita niliungama kosa langu la kwanza. Kwa waliokosa gazeti, au waliolikuta limeshafungia karanga sokoni, nitalisema tena kwa kifupi, ingawa kulisema mara moja kulinitosha kabisa.

Mimi ni Albertine, mshonaji wa mtaa wa Kamalondo. Rafiki yangu tangu shule ya masista ni Virginie, mke wa Floribert, karani wa reli. Floribert anaitafuta kwa udi na uvumba ile carte du mérite civique, kadi ambayo Mwafrika hupewa na serikali ya wazungu akionekana amestaarabika vya kutosha. Kwa ajili ya siku ya kadi alimnunulia mkewe satini ya buluu, mita nne, za mwisho dukani, akaniletea niishone.

Nikachanganya karatasi za vipimo. Satini ya Virginie nikaikata kwa vipimo vya Edith, mwalimu wa watoto, ambaye akisimama kando ya mlango unaweza kufikiri ni fagio.

Robe, yaani gauni, haikupita nyonga. Nilipaswa kusema neno moja tu: "Nimekosea." Badala yake nikasema mawili: "Virginie, umenenepa."

Aliniamini. Tangu siku ile rafiki yangu hali chakula. Anakunywa unga wa kopo, wa kukondesha.

Kabla sijaendelea: kuna msomaji wa Jadotville aliyeandika barua kuuliza unga huo unapatikana wapi, mkewe anauhitaji. Baba, tafadhali, soma mpaka mwisho kwanza.

Wiki ya sita ya unga, Virginie alikuja kwangu kuijaribu robe. Nilimfunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja, nimebana pumzi kana kwamba tumbo ni langu. Cha mwisho kikafunga.

Nikamshukuru Bikira Maria kimoyomoyo. Kosa langu limefutika, nikajisemea, na hakuna aliyelijua.

"Imeingia," nikamwambia. "Sasa umalize hii mambo ya unga. Nimepika bukari na sombe, tukae tukule." Ugali na kisamvu vilikuwa bado vya moto.

Virginie akajigeuza mbele ya kioo. Akashika kitambaa cha kiunoni kwa vidole viwili, akakivuta.

"Inabaki nafasi hapa," akasema. "Punguza."

"Nipunguze nini tena?"

"Santimeta mbili. Juma ingine itakuwa tatu."

Akatoa kopo kikapuni. Alitembea nalo kama padri na kitabu chake cha sala. Lilikuwa kopo la rangi ya waridi, lenye picha ya mzungu mwanamke amevaa nguo ya kuogelea, anacheka peke yake. Vijiko vitatu katika maji ya moto, asubuhi, saa sita na jioni, badala ya chakula. Mimi niliuonja mara moja. Una ladha ya ukuta uliopakwa chokaa jana.

Alipokoroga, kijiko kililia kwenye kikombe, ti-ti-ti-ti, kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Na alipokwisha kuondoka niliokota kitana alichochania nywele. Kilikuwa kimejaa.

Ndipo nilipoogopa.

Makopo yale yalitoka kwa Alexis, mpishi wa nyumba moja ya wazungu upande wa mjini. Alexis aliapa kwamba Madame wake alikuwa mnene kama pipa la mafuta, na unga umemfanya kama sigara.

Alhamisi nilivaa viatu vizuri nikaenda mpaka mlango wa jikoni wa nyumba ile, eti naulizia kama Madame anahitaji pazia.

"Ba Alexis," nikasema, "nataka nione huyu Madame sigara."

"Haiko," akajibu haraka. "Alienda magazini, kununua vitu."

Sauti ikatoka ndani: "Alexis! La confiture!"

Mlango wa ndani haukufunguka, ulijaa. Madame aliingia na mkate mkononi, akachukua jamu mwenyewe, akanisalimia kwa upole, akatoka. Sakafu ikatulia.

"Ba Alexis."

"Ndiyo, mama."

"Sigara njo ile?"

Akajifuta mikono kwenye aproni, muda mrefu, ingawa ilikuwa mikavu.

"Alikunywa siku tatu," akasema. "Siku ya ine akalia, akaniambia nitupe makopo yote."

"Ukatupa wapi?"

"Nilijaribu kupatia imbwa. Imbwa ikakataa. Njo nikasema, basi, nitapatia bantu."

Nilirudi Kamalondo mbio mbio, viatu vizuri mkononi. Nilimkuta Virginie amekaa kizingitini, amejifunika blanketi mchana wa jua.

"Virginie, mbwa alikataa!"

Nikamweleza yote, pipa, jamu, mbwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema:

"Imbwa haina haja ya robe."

"Lakini Madame ni mnene mpaka leo!"

"Ni juu ya kukosa nguvu ya roho. Mi niko nayo." Akaniangalia kwa macho yaliyokuwa makubwa kuliko nilivyoyazoea. "Albertine, weye uko na wivu. Zamani tulikuwa sawasawa. Sasa bantu bananiangalia miye, na weye inakuuma."

Wivu! Mimi niliyekuwa nimelala siku kumi bila usingizi.

Lakini nilijua si habari ya mbwa itakayomrudisha mezani. Ilikuwepo sentensi moja tu ya kumrudisha, nami niliitafuna kila siku na kuimeza, na labda ndiyo maana yeye alikonda na mimi nikazidi kunenepa.

Tumaini langu likabaki kwa mumewe. Floribert hakuupenda unga. Alilalamika kwa kila mtu. "Nilioa bibi," alikuwa akisema, "sasa niko na parapluie mu kitanda." Mwavuli uliokunjwa, ndivyo alivyomaanisha. Nikaamini atapiga meza siku moja na kulitupa kopo lile chooni.

Halafu tume ikaja.

Walikuwa mabwana wawili na Madame mmoja mwenye miwani. Tume huja nyumbani kuangalia kama mwombaji wa kadi anaishi kistaarabu: mashuka, choo, vitabu, na kama familia inakula mezani kwa uma na kisu. Floribert alikuwa amejizoeza uma kwa mwezi mzima. Mimi niliitwa kutundika mapazia na kuleta sahani.

Nilileta kuku wa kukaanga, wali, na salade ya nyanya. Floribert alikata paja la kuku kama daktari anayepasua mgonjwa. Virginie, mkabala naye, alikaa wima, mbele yake kikombe kimoja cha uji wa rangi ya majivu.

Mwenye miwani akaweka kalamu chini.

"Et Madame ne mange pas?" Yaani, mbona Madame hali?

Nilisikia jasho la Floribert likidondoka kwenye sahani. Nikasema moyoni: sasa, sasa atasema ukweli, watamwonea mkewe huruma, mambo yataisha.

Kisha niliuona uso wake ukipata wazo.

"Madame est au régime," akasema Floribert, na kunyoosha tai. "Comme les dames de Bruxelles." Yaani Madame anajinyima chakula ili akonde, kama mabibi wa Bruxelles.

Mwenye miwani akaweka mkono kifuani.

"Au régime!" Akawageukia wenzake. Akawaambia, kwa Kifaransa nilichokielewa vizuri mno, kwamba yeye mwenyewe amejaribu miaka miwili na kushindwa, na tazameni mwanamke huyu Mwafrika, nidhamu iliyoje! Bwana mmoja akaandika mstari mrefu kwenye daftari. Wa pili, aliyekuwa amekwisha kula kuku wa watu watatu, akatikisa kichwa kwa heshima.

Ndivyo ustaarabu ulivyoingia nyumba ile: mume anakula, mke anatazama, na tume inaandika.

Walipoondoka, Floribert alilishika kopo kwa mikono miwili, akaliweka kabatini karibu na msalaba.

"Toka leo hakuna muntu atagusa ile kopo!" akasema. "Virginie, endelea. Endelea vile vile! Na weye, Albertine, usilete tena bukari yako hapa. Utaniharibishia kadi."

Virginie alitabasamu. Alikuwa hajasifiwa na mumewe hivyo tangu harusi. Ningefanya nini hapo?

Jirani yangu Kulthumu, mke wa fundi cherehani kutoka Kasongo, hukaanga mikate ya mafuta barazani kwake. Zamani Virginie hakuweza kupita bila kula mitatu. Siku hizi alivuka barabara akiiona karai, na leso puani.

Asubuhi moja Kulthumu alimtazama akivuka, akishika ukuta kila baada ya hatua chache. Akaweka mwiko chini.

"Ule anaisha, Albertine. Na weye unajua kintu."

"Mi najua nini?"

"Nimekaa na fundi ya nguo miaka kumi na tano. Satini haijipunguze yenyewe. Robe ikikataa siku ya kwanza, tunauliza nani?"

Sindano niliyokuwa nikishonea ikaniingia kidoleni.

"Tunauliza mwenye makasi," Kulthumu akajijibu.

"Kesho nitamwambia."

"Leo." Akanipa mkate wa moto kwenye kipande cha gazeti. "Kula hii, upate nguvu, halafu uende."

Nikaula njiani. Nikaenda. Naapa mbele yenu kwamba nilikwenda kusema, na sentensi nilikuwa nayo mdomoni tayari.

Lakini niliwakuta mlangoni wamevaa nguo za kutokea. Mama yake Floribert, Mama Mwape, alikuwa anafika kwa treni ya Sakania.

"Twende pamoja," Virginie akaniambia, akanishika mkono. Vidole vilikuwa baridi kama chupa. "Unishikilie. Leo kichwa kinazunguka kidogo."

Basi nikajisemea: nitamwambia tukirudi.

Treni iliingia saa sita, jua utosini. Mama Mwape alishuka wa kwanza, mwanamke mrefu, amebeba kikapu cha samaki wakavu kichwani na neno moja moyoni kwa ajili ya mwanawe. Neno lile tulilijua wote. Virginie na Floribert walikuwa na ndoa ya miaka minane na hawana mtoto.

Virginie akapiga magoti kumsalimia mkwewe, kama inavyopasa. Mama Mwape akatua kikapu mbele yake. Harufu ya samaki ikapanda.

Kupiga magoti alipiga vizuri. Kusimama ndiko kulikoshindikana. Nilimwona akiinuka nusu, akaziba mdomo, akatapika maji matupu ya kijani pale pale kwenye jukwaa la stesheni, halafu akaenda chini taratibu, kama nguo inayoteleza kwenye kamba.

Nilipiga kelele. Floribert alipiga kelele. Mama Mwape hakupiga kelele. Alikitazama kikapu. Akamtazama Virginie. Akakitazama tena kikapu.

"Samaki," akasema. "Amesikia harufu ya samaki, njo ametapika." Akamshika mwanawe bega. "Floribert! Tangu siku gani?"

"Tangu siku gani nini, mama?"

"Mama wee! Banaume!"

Akatupa mikono juu, akapiga vigelegele mpaka dereva wa treni akachungulia nje ya injini. Wanawake waliokuwa wakishusha mizigo wakaitikia bila kujua ni kwa nini. Makarani wa reli wakatoka ofisini. Mkubwa wa stesheni akampa Floribert mkono, na Floribert, ambaye bado hakuelewa, akasema: "Merci, monsieur."

Kisha akaelewa. Akakaa juu ya kikapu cha samaki na kulia.

Nyumbani tulimlaza Virginie. Mama Mwape akakaa miguuni pake, akaanza kumkanda nyayo, mwanamke yule ambaye kwa miaka minane alikuwa akimsalimia Virginie kama mtu anayesalimia mlango.

"Mwana yangu, nitakuambia kweli," akasema. "Nilikuja na neno. Kule Sakania kuna binti moja, nilishaongea na baba yake na mama yake. Leo ile neno nimeimeza. Ilale pale pale mu tumbo yangu."

Akatoka kwenda kupika.

Virginie akanivuta karibu. Machozi yalikuwa yakimtoka pembeni na kuingia masikioni.

"Albertine, ni kweli. Miezi miwili sijaona damu. Nilifikiri ni unga tu." Akacheka kidogo. "Kumbe mutoto."

Halafu akasema maneno niliyokuwa nikiyasubiri wiki kumi:

"Niko na njaa."

Alikula matonge matatu ya bukari. Nilimhesabia kama mtu anayemhesabia mtoto hatua za kwanza. Na ile sentensi yangu? Niliirudisha chini pamoja na mate. Nilitaka sana kuamini, wasomaji. Mtoto angefuta kosa langu vizuri kuliko robe yoyote. Nikamwambia: "Hongera, mama."

Jumatatu tulikwenda maternité, hospitali ya wazazi, mimi na yeye. Floribert alikuwa ofisini anapokea pongezi, na Mama Mwape alibaki nyumbani kupokea wageni. Maana habari ilikuwa imeshazunguka Kamalondo yote na kurudi.

Masœur, mtawa muuguzi, aliyetupokea alikuwa mzee, mwenye Kiswahili cha katekisimu na mikono ya kukanda mkate. Alimweka Virginie kwenye mizani. Akatazama namba. Akamshusha, akampandisha tena, kana kwamba mizani ndiyo mgonjwa. Kilo arobaini na mbili.

Akampima muda mrefu nyuma ya pazia. Alipotoka, akauliza:

"Mama, unakula chakula gani?"

Virginie, kwa fahari, akatoa kopo.

Masœur akavaa miwani akasoma maandishi yote, mpaka yale madogo ya chini. Kisha akafungua ndoo ya takataka kwa mguu na kulidondosha ndani. Lililia kama kengele.

"Hakuna mtoto," akasema. "Kuna njaa. Mwili umeona nyumba haina chakula, ukafunga mlango wa wageni."

Virginie alikuwa bado akiitazama ndoo.

"Ukila, damu itarudi, na mtoto anaweza kuja baadaye. Ukiendelea hivi, moyo utasimama. Umesikia? Si maneno ya kutisha tu. Nimeyaona kwa wagonjwa maskini, siyo kwa wanawake wenye bwana karani." Akanigeukia mimi. "Wewe ni ndugu yake?"

"Rafiki."

"Basi, rafiki, utamlinda. Ale chakula cha watu wawili kila siku, mpaka nimwone tena."

Rafiki. Alilitamka vizuri, na kila herufi ilinichoma.

Tulirudi kwa miguu. Alitembea kidogo, akapumzika, akatembea. Tulipofika kwenye ngazi za duka lililofungwa, akakaa.

"Mi sikukuwa na mawazo ya kukonda," akasema, akitazama barabara. "Miaka yote sikufikiri hata siku moja. Kama hamungeniambia niko munene..."

"Hatukuwa wengi," nikasema. "Ni mimi peke yangu."

"Weye ni mushonaji. Unajua vipimo."

"Virginie, haukuwa mnene."

Ikatoka. Ikatoka yote, karatasi mbili, satini, Edith, maneno yangu mawili badala ya moja. Nilisema mpaka sauti ikaisha, na ilipokwisha nilisikia baiskeli ikipita na mtu akipiga kengele bila sababu.

Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake iliyoungua, akitafuta mlango ulikuwa upande gani.

"Yote hii juu ya kitambaa," akasema.

"Juu ya kitambaa."

"Mita ine."

"Leo hii nitamwambia Floribert. Nitamwambia na mama yake. Kosa ni langu, wanitupie mimi mawe."

"Hapana!" Akanidaka mkono. Sikujua kwamba mkono mwembamba vile unaweza kukaza hivyo. "Unawaambia hakuna mimba, mama mukwe anatapika ile neno kesho asubuhi. Yule binti anapanda treni. Floribert akikubali bibi wa pili, kadi imekufa, bazungu habatoe kadi kwa muntu wa bibi wawili. Akikataa, mama yake anamulaani. Kwa njia zote mbili, anayerudi kwa baba yake na kikapu ni miye."

Alikuwa ameona sawasawa. Njaa haikumgusa akili.

Akafikiri. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilimwona Virginie wa shule ya masista, yule aliyekuwa akiiba ufunguo wa ghala na kunifanya mimi niushike.

"Uliniambia niko na tumbo, na sikukuwa nayo."

"Nisamehe."

"Bado. Mbele ya kukusamehe, utanishonea."

"Nikushonee nini?"

"Tumbo."

Nilidhani ni kizunguzungu kinachosema.

"Ya pamba," akaendelea, kwa utulivu wa mtu anayeagiza mikono mirefu au mifupi. "Kidogo kwa mwezi wa ine. Ya katikati kwa mwezi wa tano. Nitakula, nitapona, damu itarudi, na Mungu akipenda mimba ya kweli itakuja. Mutoto akichelewa kutoka, nani atahesabu?"

"Mama mkwe wako atahesabu! Virginie, hii ni dhambi!"

"Na ile ya kwanza ilikuwa nini?"

Tukaendelea na safari. Njiani niliapa kwa mama yangu aliye kaburini kwamba sitasema uongo tena, hata mdogo, hata wa huruma. Tumbo la pamba sikulikubali na sikulikataa. Nilijisemea tukifika nitapata la kusema.

Tulipofika, uwanja ulikuwa umejaa wanawake wa barabara nzima. Floribert alikuwa ameomba ruhusa kazini, amevaa tai. Mama Mwape alisimama mlangoni, mikono kiunoni, unga wa bukari mpaka viwikoni.

"Masœur anasema nini?" akauliza.

Uwanja ukanyamaza. Virginie hakujibu. Akageuza uso taratibu, akanitazama mimi.

Nilitafuta. Katika yote yaliyosemwa pale maternité nilitafuta neno moja lililo kweli, ambalo nikilitamka sitakuwa nimevunja kiapo wala nyumba ya mtu. Nikalipata! Nikalitamka kwa sauti, kwa furaha kabisa:

"Masœur anasema ale chakula cha watu wawili!"

Mama Mwape akakunja uso.

"Wawili?"

"Wawili. Kila siku."

"Yeye mwenyewe... na wawili?"

"Hapana, mama, chakula cha..."

"Mapasa!" akalia Mama Mwape. Mapacha!

"Mama, ngojea..."

"Mapasa! Mama yangu mimi alizaa mapasa! Iko mu damu yetu! Floribert, mapasa!"

Nilipaza sauti, lakini sauti ya mshonaji mmoja ni nini mbele ya wanawake arobaini? Vigelegele vilipasuka mpaka kuku wakaruka ukuta. Wakaanza zile nyimbo za mapasa, zenye matusi yake, ambazo mhariri wa gazeti hili, mtu wa kanisa, hawezi kuzichapa. Mwingine alikuwa ameshaleta ngoma. Floribert alikaa kwenye kiti alichokuwa amewawekea tume, akafungua tai, akasema "Deux... deux..." kama mtu anayejifunza kuhesabu.

Kulthumu alikuwa kati ya wanawake wale. Yeye peke yake hakuimba. Alinitazama mimi, akatazama kiuno cha Virginie, akanitazama tena.

Virginie akanisogelea, akanikumbatia mbele ya watu wote, shavu kwa shavu, kama ndugu. Watu wakapiga makofi. Akaweka mdomo wake karibu na sikio langu.

"Albertine," akanong'ona, "pamba yako itatosha?"